Thika na Ruiru si Safari ya Mchana

Watu wa Nairobi huihesabu Thika kuwa mahali pa kwenda baada ya chai ya asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Tangu Rais Mwai Kibaki aifungue barabara kuu mwezi wa Novemba 2012, zile kilomita 50 hivi zimekuwa kazi ya chini ya saa moja pasipo msongamano, na Ruiru iliyo njiani imebaki jina la kituo ambalo kondakta hulitaja kwa sauti kisha gari likaondoka. Hoja yangu ni kwamba ukanda huu unataka kulalwa. Kwamba chombo kinachoufaa ni gari ambalo mtu hulala na kupika ndani yake. Na kwamba wakati wake ni vuli, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mapema Desemba, majira ambayo wengi wenye magari ya aina hiyo huyafunika turubai wakingoja jua la Januari. Miaka niliyozunguka pande hizi nikilala garini imenifunza mengi madogo madogo, ila hili ndilo naliona kubwa. Na kwa kuwa linakwenda kinyume cha desturi, halitoshi kutangazwa; sharti litolewe ushahidi.

Ushahidi wa kwanza uko mitoni. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20, lakini kati ya miji hiyo miwili umepita mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mto Ruiru, na vilevile Ndarugu unaopita Juja, huishia katika Athi, ambao huporomoka pale Fourteen Falls, ukapinda kuuzunguka mlima wa Kilimambogo, ukabadilisha jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Chania na Thika, kwa upande wao, hukutana Thika mjini, huteremka pamoja hadi bwawa la Masinga, hujiunga na Tana na kumwagika baharini Kipini. Mvua ileile ya jioni moja, ikinyesha juu ya paa la Ruiru na paa la Thika, huishia sehemu mbili tofauti za pwani. Anayepita kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huvuka mito yote hii bila kujua kwamba kulikuwa na daraja. Barabara imejengwa vizuri kiasi cha kuifuta nchi inayopita juu yake. Silaumu wahandisi kwa hilo, maana ndiyo kazi waliyopewa, lakini mtalii anayeitegemea barabara hiyo peke yake hatajua yuko wapi.

Ukishaiona mito, maeneo ya kihistoria ya hapa huacha kuwa vituo vilivyotawanyika na kuanza kuelezana. Hoteli ya Blue Posts ilianza mwaka 1908 penye ulimi wa ardhi kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, kwa sababu wasafiri wa kwenda Murang'a na Nyeri walilazimika kusimama hapo: mito ndiyo iliyowasimamisha. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwa muda ikawa ndiyo mwisho wa njia kabla ya kusogezwa kuelekea Nanyuki. Mashamba ya kahawa yalipangwa kufuata mito, maana kahawa huoshwa, na kiwanda cha kuimenya hakifanyi kazi bila maji mengi. Nairobi yenyewe ilipata umeme wake wa mwanzo kutoka maporomoko ya mto Ruiru, na katika miaka ya 1920 kituo cha Ndula kikaongezwa kwenye mto Thika. Baadaye mji mkuu ulirudi kuomba maji ya kunywa: bwawa la Ruiru lilikamilika mwaka 1938, Sasumua kwenye maji yanayolisha Chania mwaka 1956, na Ndakaini juu ya mto Thika mwaka 1994. Ndakaini peke yake hubeba maji ya lita bilioni 70, na ndilo linalolisha sehemu kubwa ya mabomba ya Nairobi. Kwa hiyo mji unaoiona Thika kuwa kitongoji cha mapumziko ya Jumapili umewashiwa taa na kunyweshwa na mito ya Thika na Ruiru kwa zaidi ya miaka mia moja. Habari hiyo haikuandikwa kwenye kibao chochote langoni. Huipati mpaka uende kutoka mto hadi mto, kwa taratibu, na siku moja haitoshi.

Hapo ndipo vuli inapoingia. Mwezi wa Februari, Chania huteremka mwambani kwa nyuzi chache, na mgeni aliyekaa kwenye nyasi za hoteli huona mandhari ya kupendeza tu. Hana sababu ya kuuliza kwa nini kituo cha wasafiri kiliwekwa hapo, wala kwa nini Nairobi ilivuta nyaya hadi Ruiru. Mwezi wa Novemba swali linajijibu lenyewe. Fourteen Falls, yenye urefu wa mita 27 hivi, inaitwa hivyo kwa mikondo yake mingi, lakini mvua ikikolea mikondo huungana ikawa ukuta mmoja wa maji ya rangi ya udongo, na mtu aliyesimama kando husikia ardhi ikitetemeka. Huwezi kuelewa eneo lililojengwa na maji wakati maji hayapo. Wamarekani wenye nyumba za magurudumu huzunguka Vermont na New Hampshire mwezi wa Oktoba kufuata majani yanayobadilika rangi. Sisi rangi yetu iko kwenye mibuni. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ndiyo mavuno makuu ya kahawa Kiambu, na vijia vya mashamba ya Ruiru na Gatundu vinajaa wachumaji, vikapu na malori yanayoelekea viwandani, huku mijakaranda ikimwaga maua ya zambarau juu ya lami. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko papo hapo Ruiru. Ndicho kilichotoa, mwaka 1985, aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, iliyozalishwa ili istahimili kutu ya majani na ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha tunda likiwa bado bichi. Baridi na unyevu ndivyo vinavyoueneza ugonjwa huo, kwa hiyo hata sababu ya utafiti inaeleweka vyema ukiwa umelala usiku kucha chini ya manyunyu.

Lakini kwa nini kulala garini? Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba Thika ina nyumba za wageni nyingi, zenye maji moto na kitanda ambacho hakikunjwi kikawa meza. Na pale Blue Posts vyumba vimekaa kabisa juu ya maporomoko. Kwa kituo hicho kimoja gari langu halina la kumshindia mwenye chumba. Tofauti inajitokeza kwingine. Mvua ya vuli katika nyanda hizi hupenda kunyesha alasiri na usiku, kisha asubuhi ikapambazuka safi. Juu ya Kilimambogo, kwenye urefu wa mita 2,145, Mlima Kenya huonekana wazi alfajiri, na siku njema hata Kilimanjaro. Jua likipanda kidogo mawingu huanza kujikusanya, na mtu aliyetoka Nairobi baada ya kifungua kinywa hukuta pazia limeshushwa. Saa bora za majira haya ni zile mbili za kwanza za mchana, na mtu wa safari ya mchana huzitumia barabarani. Vyumba vingi vya kulala viko mjini, ng'ambo ya foleni za asubuhi, mbali na mlima na mbali na mto. Gari la kulala hukuweka pale pale saa hizo zinapoanzia. Pia hukupa ruhusa ya kungoja, na katika vuli kungoja ni nusu ya ujuzi. Mwenye chumba kilicholipiwa mjini hukimbizana na saa ya kurudi hata njia ikiwa haijakauka. Mwenye jiko la gesi na godoro nyuma ya kiti hana anachokimbilia.

Tope basi. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na anayelipuuza hafai kusikilizwa. Magharibi ya barabara kuu, kwenye migongo ya Gatundu, udongo ni mwekundu: huteleza lakini hukauka upesi. Mashariki, kuelekea Munyu na Kilimambogo, kuna udongo mweusi ambao ukilowa hunata kwenye matairi hadi yakakataa kuzunguka, na hapo gari lenye uzito mkubwa ni mtego wa kujitegea. Historia ya mlima wenyewe inatoa onyo. William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis aliyemiliki shamba la Juja na kumkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, alitaka azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925, inasimuliwa, mashine iliyolivuta jeneza lake ilishindwa na mteremko, na akazikwa njiani, mahali ambapo kaburi lake liko hadi leo pamoja na la mkewe Lucie, la Louise Decker aliyewatumikia, na la mbwa wao. Fedha zote zile hazikununua kilomita chache za mwisho. Kwa hiyo ninapotetea gari la kulala sisemi yale majumba marefu ya Marekani yenye choo na bafu. Nasema Land Cruiser kuukuu yenye hema la paa, au Hiace iliyokuwa matatu ikang'olewa viti na fundi wa jua kali akaitengenezea kitanda cha mbao na kabati la sufuria. Gari lenye magurudumu manne ya kuvuta ndilo la kupandia mlimani. Hiace ibaki chini, mwenyewe apande kwa miguu akiwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, maana mbogo wa mlima ule si wa hadithi.

Na mvua yenyewe haina ahadi. Vuli za mwaka 2020, 2021 na 2022 zilikosa mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya, kisha ile ya 2023 ikaja na mafuriko. Mtu aweza kusema kwamba majira yasiyotabirika hayapangiwi safari. Mimi naona yanathibitisha hoja yangu. Aliyeko umbali wa saa moja kutoka nyumbani, na chumba chake kikiwa garini, anaweza kusubiri utabiri wa wiki hii badala ya kulipia chumba miezi mitatu mapema. Huo ndio uhuru ambao mwenye kwenda Maasai Mara au Watamu hana. Mafuriko yakija, haendi. Athi ikijaa hakuna mwamba wa kupigia picha wala mtumbwi wa kuvukia, na vijana wanaowaongoza wageni pale mtoni wakisema leo hapana, maana yake ni hapana. Inanishangaza jinsi watu wanaoogopa tope la barabarani wanavyothubutu kukanyaga jiwe lenye utelezi katikati ya maporomoko.

Pingamizi jingine lina uchungu zaidi. Inasemwa kwamba historia inayotembelewa hapa ni ya walowezi: kaburi la McMillan, jumba lake, hoteli ya wasafiri wa kikoloni, na jina la Thika lenyewe ambalo dunia ililijua kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, The Flame Trees of Thika. Kwa nini Mkenya atumie petroli na likizo yake kuzunguka kumbukumbu za waliomnyang'anya babu yake ardhi? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba picha hiyo ndiyo hasa anayoipata mtu wa safari ya mchana, kwa sababu waliojenga kwa mawe ndio walioacha vitu vya kuonekana kwa haraka. Historia ya wengine haikujengwa kwa mawe. Iko katika bustani ya Mugumo mjini Thika, pale uliposimama mti ambao, kwa masimulizi ya Wagikuyu, nabii Mugo wa Kibiro alitabiri kwamba siku ukianguka utawala wa wageni utakuwa umekwisha. Husimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia chuma kuuimarisha, na kwamba uliangushwa na radi mwaka 1963. Mtu anaweza kuamini au kutoamini, lakini hawezi kukanusha uzito wa mti ambao serikali yenye bunduki iliona haja ya kuufunga mkanda. Iko pia ndani ya mashamba yenyewe: kahawa ile iliyozaa utajiri wa Ruiru, Waafrika wa Kiambu walizuiwa kuilima kwa miongo mingi, na zuio hilo lililegezwa kwa upana baada tu ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Siku hiyo leo ni Mashujaa, nayo huangukia mwanzo wa vuli, wachumaji wakiwa mashambani. Wazee wanaokumbuka kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, na nyumba za vibarua wapo, ila hawazungumzi na mtu aliyeacha injini ikinguruma. Huzungumza jioni, mvua ikiwa imemfungia kila mtu chini ya bati moja, na mgeni amekwisha kujulikana kwamba kesho atakuwapo.

Usalama nitaupitia upesi, maana jibu lake ni fupi: usilale kando ya barabara, usilale ukingoni mwa mto, na usilale mahali ambapo hujaomba. Ukanda huu hauna vituo vya magari ya kulala, lakini una eneo la kambi la KWS katika hifadhi ya Ol Donyo Sabuk, ambalo ni jina jingine la Kilimambogo, una hoteli zenye ua na mlinzi, una makanisa na wenye mashamba ambao wakiombwa kwa heshima, kwa ada ya kuelewana, hufungua geti. Kuomba huko si usumbufu wa safari. Mara nyingi ndipo mtu anapopata kujua jina la mto ulio nyuma ya ua.

Kuhusu anasa, nakubali kwamba gari, hata liwe kuukuu, si la kila mtu. Basi hoja yangu isichukuliwe kuwa ni ya magurudumu. Anayeshuka matatu Thika akiwa na hema begani, au anayepanda treni ya abiria hadi Ruiru na kumalizia kwa bodaboda, akalala usiku mbili tatu, ameipata nchi hii kuliko mwenye gari la mamilioni aliyerudi Nairobi saa kumi na mbili. Gari ni rahisi kwa sababu moja: hubeba paa, na vuli inataka paa.

Limebaki pingamizi la wale wanaosema kwamba hakuna tena cha kuona. Sensa ya mwaka 2019 iliipa Ruiru wakazi 490,120, zaidi ya Eldoret na zaidi ya Kisumu. Mashamba ya kahawa yamekatwa ploti. Tatu City peke yake imechukua eneo la ekari 5,000 zilizokuwa za mibuni. Maji ya Athi hufika Fourteen Falls yakiwa yamebeba taka za Nairobi, na kuna siku povu huelea chini ya maporomoko na harufu yake si ya mto. Yote ni kweli, na mwenye kutafuta mandhari safi ya kalenda asije. Lakini ninayoyatetea hapa ni maeneo ya kihistoria, na historia ya mito hii haikukoma mwaka 1963. Jiji lililochukua umeme, kisha maji ya kunywa, sasa linachukua ardhi na kuurudishia Athi uchafu. Kuliona hilo kwa macho, kutoka bwawani hadi kwenye povu, ni sehemu ya ziara na si kasoro yake. Penye miti hapana wajenzi, na waliolala na kuamka jirani na mambo haya ndio wasioyatazama.

Serikali za kaunti nazo zina la kufanya, na si jambo la mabilioni. Fourteen Falls imekaa mpakani mwa Kiambu na Machakos, na Kilimambogo iko ng'ambo ya mto upande wa Machakos, kwa hiyo kila upande unaweza kumwachia mwenzake kazi. Kinachohitajika ni uwanja mmoja uliomwagwa kokoto ili udongo mweusi usinase tairi, bomba la maji, choo, taa na mlinzi wa usiku anayelipwa kwa ada ya wageni wenyewe. Uwanja wa pili ungefaa uwe Ruiru, karibu na mto, kabla ukingo wote haujazungushiwa ukuta wa ploti. Wauza mahindi ya kuchoma na samaki wa pale Fourteen Falls, ambao biashara yao hufa kila jua linapotua, wangepata wateja wa chai ya saa kumi na mbili asubuhi.